Bwana Aliye Ndani ya Dhoruba: Somo juu ya Utenzi wa Merikebu Deutschland



Katika vijiji vyetu hakuna mtu asiyeijua dhoruba. Wavuvi wa Ziwa Tanganyika na wa Ziwa Kivu wajua jinsi upepo unavyoinuka ghafula, na mtumbwi uliokuwa ukienda kwa utulivu ukaanza kurushwa kama ganda la karanga. Wakulima wa milimani waijua radi. Wataalamu waliopima umeme kwa vyombo vilivyo juu angani wameona ya kuwa milima ya mashariki ya Kongo ni miongoni mwa mahali pa dunia panapopigwa radi mara nyingi kabisa. Basi mtu akitusimulia habari za dhoruba, hatuna haja ya kufundishwa neno lenyewe. Masikio yetu yameisikia, na wengine wetu wamezika ndugu kwa ajili yake.

Lakini radi ikiisha kupiga, ndipo maneno huanza. Mmoja asema: « Yuko mtu aliyeituma; tumtafute. » Wa pili asema: « Mungu amekasirika, hakika marehemu alikuwa na dhambi ya siri. » Wa tatu asema: « Mungu yu mbali, hatujali. » Mkatekumeni hukaa katikati ya maneno hayo matatu, naye hajui la kujibu.

Somo letu la leo ni kwa ajili yake. Tutautazama utenzi mmoja wa Ulaya unaosimulia dhoruba kuu. Tutajifunza namna ya kufahamu mifano ya upepo, ya theluji, ya umeme na ya mvua iliyomo, na tutaona jinsi mtungaji alivyolijibu ulizo lile lile linaloulizwa katika vijiji vyetu.

I. HABARI ILIYOTOKEA

Katika mwaka 1875 serikali ya Prusia, katika Ujerumani, ililitesa Kanisa kwa sheria kali. Sheria hizo zaitwa kwa jina la waziri Falk. Mashirika mengi ya watawa yalikatazwa, na watawa wakalazimishwa kuacha nyumba zao. Masista watano wa Mtakatifu Fransisko waliondoka katika nchi yao, wakapanda merikebu ya moshi iitwayo Deutschland, iliyotoka Bremen kwenda New York. Walitumaini kuendelea na kazi yao huko Marekani.

Merikebu iling'oa nanga mwanzo wa mwezi wa Desemba. Upepo mkali ukavuma kutoka mashariki, na theluji ikaanguka nene hata mabaharia wasiweze kuona njia. Theluji ni maji yaliyoganda kwa baridi, yakaanguka mepesi na meupe; ndiyo ile iliyo juu ya vilele vya Ruwenzori. Siku ya Jumatatu, tarehe 6 Desemba, kabla ya mapambazuko, merikebu ilipanda juu ya fungu la mchanga liitwalo Kentish Knock, mbele ya mlango wa mto Thames, katika Uingereza. Rafadha yake, yaani chombo cha nyuma kinachoisukuma merikebu, ilivunjika. Haikuweza tena kwenda mbele wala kurudi nyuma.

Wakakaa hapo mchana kutwa, na usiku ukaingia, wala msaada haujafika. Maji yakapanda juu ya sitaha. Watu wakazikwea kamba za milingoti, na wengine mikono yao ikafa ganzi kwa baridi, wakaanguka baharini. Asubuhi ya tarehe 7 ikaja merikebu ndogo ya kuvuta kutoka Harwich, ikawaokoa waliosalia. Watu zaidi ya hamsini walikuwa wamekufa, na miongoni mwao wale masista watano. Walionusurika walisimulia ya kuwa sista mmoja, aliyekuwa mrefu kupita wenzake, alisikika juu ya kelele ya mawimbi akimwita Kristu aje upesi.

II. MTUNGAJI

Jina lake ni Gerard Manley Hopkins, Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1844. Aliingia katika Kanisa Katoliki mwaka 1866, na mwaka 1868 aliingia Shirika la Yezu. Alipoingia utawa alizichoma tenzi zake, maana alidhani hazipatani na wito wake. Akakaa miaka saba pasipo kutunga jambo la maana.

Dhoruba ilipoiangamiza Deutschland, Hopkins alikuwa akisoma teolojia huko Wales, katika chuo cha Mtakatifu Beuno. Akazisoma habari katika magazeti, moyo wake ukachomwa. Mkubwa wake akasema ya kuwa ingefaa mtu atunge utenzi juu ya jambo hilo. Neno hilo likamtosha. Akatunga beti 35, kila ubeti wenye mistari minane, akautoa utenzi kwa ukumbusho wa masista wale watano. Akapewa upadri mwaka 1877, akafa huko Dublin mwaka 1889. Wakati wa uhai wake utenzi huo haukupigwa chapa. Rafiki yake Robert Bridges aliutoa mwaka 1918, na sasa wahesabiwa kuwa mmoja wa tenzi kuu za lugha ya Kiingereza.

III. NAMNA YA KUISOMA MIFANO

Mtungaji wa utenzi hasemi « mvua ilinyesha » ili kutupa habari ya mvua tu. Lakini tusiruke upesi mno kwenye maana iliyofichwa. Yafaa tuulize maulizo matatu, moja baada ya jingine.

La kwanza: Kitu chenyewe ni nini? Upepo ni upepo, na baridi ni baridi. Asiyeisikia kwanza baridi hawezi kuufahamu mfano wa baridi.

La pili: Kinampata nani, na huyo afanya nini? Dhoruba ni moja, lakini mioyo inayopigwa nayo ni mingi.

La tatu: Je, mpaka mwisho wa utenzi kitu hicho chabaki vile vile, au chageuka? Hapo ndipo mtungaji mara nyingi huweka fundisho lake.

IV. DHORUBA YA NJE: UBAYA HUITWA UBAYA

Tuanze na ulizo la kwanza. Hopkins auonyesha upepo ukitoka upande uliolaaniwa wa anga. Theluji yake si nzuri wala laini: yazunguka kama kisulisuli, nayo yachoma kama waya uliotiwa motoni. Ajabu! Kitu cha baridi chasemwa kuwa moto. Lakini kila mtu aliyepigwa na mvua ya mawe juu ya ngozi tupu ajua ya kuwa baridi kali huunguza. Na bahari aionyesha kuwa ndiyo iwanyang'anyayo wake waume zao, na watoto baba zao.

Tena asimulia habari za baharia mmoja mwenye nguvu, aliyeshuka kutoka katika kamba za mlingoti ili kumwokoa mwanamke, naye amejifunga kamba kiunoni. Wimbi likamrusha mara moja, akafa. Mwili wake ukabaki ukining'inia kwenye kamba na kupigwa na mawimbi saa nyingi, wenzake wakimtazama. Nguvu za mikono yake na wema wa moyo wake havikumwokoa.

Kwa nini mtungaji Mkristu atusimulia jambo la kutisha hivi? Kwa sababu hataki kusema uongo ili kumtetea Mungu. Yobu naye hakusema ya kuwa mateso yake ni matamu. Basi tushike jambo la kwanza: imani haituamuru kuuita ubaya wema. Mama anayemlilia mtoto wake aliyezama ziwani hatendi dhambi, wala hapungukiwi na imani. Yezu mwenyewe alilia penye kaburi la Lazaro.

V. DHORUBA YA NDANI: UMEME NA UPENDO

Twende kwenye ulizo la pili. Utenzi una sehemu mbili, na habari ya merikebu imo katika sehemu ya pili. Beti kumi za kwanza hazisemi juu ya Deutschland hata kidogo. Zamsimulia mtungaji mwenyewe.

Yeye aungama ya kuwa dhoruba aliijua kabla, si baharini bali rohoni mwake. Usiku mmoja mbele ya altare aliuona utisho wa Mungu kama umeme na kama fimbo inayopiga. Mbele yake uliwaka uso wa Mungu, na nyuma yake ilikuwako shimo la upotevu. Akimbilie wapi? Moyo wake ukaruka kama njiwa, ukakimbilia kwa Yezu katika Ekaristi. Angalieni vema: alimkimbia Mungu kwa kumkimbilia Mungu. Mtoto anayeogopa hasira ya baba hukimbia msituni. Lakini mtoto anayemjua baba yake hukimbia kifuani pake, hata fimbo ingali mkononi mwa baba.

Kwa hiyo aweza kusema ya kuwa Mungu ni umeme na tena ni upendo, ni majira ya baridi na tena ni joto. Asidhani mtu ya kuwa miungu ni miwili, mmoja mkali na mmoja mpole. Sisi twaona jambo hili mashambani. Mvua inayotutisha kwa ngurumo ndiyo inayootesha mahindi. Moto wa mhunzi walainisha chuma, nao ndio unaotupatia jembe.

Mfano huo wa mhunzi umo katika utenzi. Mtungaji asema ya kuwa Mungu aweza kuushinda moyo wa mtu kwa njia mbili. Wengine huwapiga kwa ghafula kama nyundo juu ya fuawe: ndivyo alivyotenda na Mtume Paulo njiani Dameski. Wengine huwaingilia polepole, kama majira mapya yanavyoingia katika nchi bila mtu kuona siku yenyewe: ndivyo alivyotenda na Mtakatifu Augustino, aliyekawia miaka mingi. Enyi wakatekumeni, jiulizeni: Mimi nimekuja kwa njia gani? Labda ugonjwa au kifo cha mzazi kilikupiga kama nyundo. Labda uliisikia kengele ya misioni miaka kumi, na siku moja ukaona kwamba umekwisha amini. Njia zote mbili ni za Bwana mmoja. Aliyepigwa asimdharau aliyekawia, wala aliyekawia asimwonee wivu aliyepigwa.

VI. KILIO CHA SISTA

Sasa tumefika kwenye kiini cha utenzi. Katika giza, watu walilia na kupiga makelele bila matumaini. Ndipo sauti ya sista yule mrefu ikasikika, naye hamwiti mwingine ila Kristu.

Mtungaji asimama hapo, auliza: Alitaka nini? Hakubali jibu la haraka. Je, alitaka kufa ili afanane na Bwana wake msalabani? Au alitaka taji ya mbinguni upesi, apate kupumzika na mateso? Hopkins asema, Hapana. Mtu anayetamani sana kupumzika ni yule aliyechoshwa na kazi za kila siku, kama gari linalotikisika njiani mwaka baada ya mwaka. Katika hatari kubwa moyo huenda mahali pengine.

Akumbuka pia mitume katika Ziwa la Genezareti, waliomwamsha Yezu kwa kuwa waliogopa kuangamia. Wao walimwita Bwana ili dhoruba iondoke. Lakini sista, asema Hopkins, alimwona Bwana ndani ya dhoruba yenyewe: Yezu, Mfalme, aliyekuja kumchukua aliye wake. Upepo haukunyamaza. Mawimbi hayakutulia. Hata hivyo aliyapita mawimbi kwa macho ya imani, akamtambua yeye anayetembea juu yake.

Tusiwadharau mitume. Kumwomba Mungu atuondolee hatari ni sala njema, na Yezu aliisikia. Lakini iko sala kubwa zaidi: kumtaka Yezu mwenyewe, hata ikiwa dhoruba haiondoki. Tena mtungaji akumbuka ya kuwa masista walikuwa watano, na madonda ya Bwana wetu ni matano, na Mtakatifu Fransisko, baba yao, aliyapata madonda hayo mwilini mwake. Hivi aonyesha ya kuwa mateso yao yameunganishwa na mateso ya Kristu.

VII. THELUJI YAGEUKA MAUA, RADI YAGEUKA MVUA

Lasalia ulizo la tatu. Mwanzo theluji ilikuwa waya wa moto. Baadaye mtungaji auliza Mungu alionaje kutoka juu; naye ajibu ya kuwa machoni pake chembe zile zile za theluji zilikuwa kama maua meupe yaliyomwagwa juu ya masista wale. Je, theluji imebadilika? La. Iliendelea kuua usiku ule. Kilichobadilika ni mahali tunaposimama kuitazama. Kutoka chini twaona baridi. Kutoka juu kifo cha mtakatifu kina thamani.

Kisha aleta mfano wa mavuno. Auliza: Yawezekana tufani ibebe nafaka mpaka ghalani mwa Mungu? Mkulima hapendi dhoruba ipite katika shamba lake. Lakini Hopkins atumaini ya kuwa kilio cha sista kilikuwa kama kengele, iliyowashtusha kondoo waliopotea, wakarudi kwa Mungu katika saa ya mwisho. Maana moyo wake uliwalilia hasa wale waliokufa bila kuungama na bila faraja. Hathubutu kusema ya kuwa wamepotea. Autumainia mkono mpole wa Mungu, unaoweza kumfikia mtu hata katikati ya wimbi.

Na mwishoni kabisa aomba Kristu airudie nchi yake. Aombaje? Kwamba asije kama radi inayotupwa kwa nguvu, bali kama mvua iliyofunguliwa, inayoinyeshea nchi yote. Hivi utenzi uliofunguliwa kwa umeme na fimbo wafungwa kwa mvua ya neema. Nabii Eliya naye, huko Horebu, aliona upepo mkuu, na tetemeko, na moto. Kisha Bwana akaja katika sauti ndogo ya utulivu.

VIII. TUWAJIBU WALE WATATU

Turudi sasa kijijini, penye nyumba iliyopigwa radi.

Kwa yule asemaye « Yuko aliyeituma, » tujibu: Radi yatoka katika nguvu ya umeme inayokusanyika mawinguni, hupenda miti mirefu, vilele vya milima na maji yaliyo wazi. Hakuna jirani awezaye kuituma. Anayemshitaki mjane au mzee kwa ajili ya radi aongeza kifo juu ya kifo. Mkatekumeni asishiriki kamwe katika shauri kama hilo, hata akichukiwa na ukoo wake. Na busara ni amri: dhoruba ikija, tutoke ziwani, tusikae chini ya mti mrefu, tuingie nyumbani.

Kwa yule asemaye « Marehemu alikuwa na dhambi ya siri, » tumkumbushe mnara wa Siloe katika Evanjili ya Luka. Watu 18 waliangukiwa, na Yezu alikataa kuwahesabu kuwa wakosefu kuliko wenzao, akawaita wasikilizaji wote watubu. Masista wale watano walikuwa wamefukuzwa kwa ajili ya utawa wao, nao walizama.

Kwa yule asemaye « Mungu yu mbali, » tumweleze habari ya sista aliyemwona Bwana juu ya maji.

Na wewe, mkatekumeni, labda waogopa: « Je, nikifa kabla sijabatizwa? » Kanisa lafundisha wazi ya kuwa mkatekumeni anayekufa hali ana tamaa ya kweli ya ubatizo, pamoja na toba na upendo, aupata wokovu ambao hakuweza kuupokea kwa sakramenti. Basi usingoje dhoruba ndipo ujifunze kuita. Sista yule hakulitafuta jina la Yezu usiku ule. Lilikuwa kinywani mwake kila siku, katika sala za asubuhi na za jioni.

MAULIZO

1. Kwa nini mtungaji aionyesha theluji kuwa kama moto?
Kwa sababu baridi kali huunguza, tena hataki kuyaficha mateso ya watu.

2. Kwa nini aanza na dhoruba ya rohoni kabla ya dhoruba ya baharini?
Kwa sababu asiyemjua Mungu ndani ya moyo wake hawezi kumtambua katika hatari.

3. Mungu huuingia moyo wa mtu kwa njia gani mbili?
Kwa kuupiga ghafula, kama Paulo. Au kwa kuuingia polepole, kama Augustino.

4. Sala ya sista ilizidije sala ya mitume katika ziwa?
Mitume walitaka dhoruba iondoke. Sista alimtaka Yezu mwenyewe.

5. Utenzi wafungwa kwa mfano gani?
Kwa mfano wa mvua inayoinyeshea nchi. Ndiyo neema ya Kristu.

KAZI YA JUMA HILI. Mvua kubwa ikinyesha jioni, nanyi mmekaa nyumbani, mwambie mdogo wako au mtoto wako habari hii kwa maneno yako mwenyewe. Kisha muulize: « Ungekuwa katika merikebu ile, ungemwita nani? » Usimpe jibu upesi. Ngoja alitafute mwenyewe, nanyi msali pamoja kwa ajili ya watu wote walio majini usiku huo.